Mkono Kinywani mwa Bibi Harusi

Morogoro, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Keziya,

Ugonile. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na shemeji Anyitike mzima, na nyavu hazijamchana tena vidole. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hadi leo yanaamini kwamba chuo kikuu ni adhabu.

Wewe hukuruhusiwa kulalamika mezani kwa Mama kabla hujataja kitu unachokishukuru, nami sikuruhusiwa, basi nianze na shukrani, malalamiko yanifuate nyuma.

Nashukuru kwa gambuti zangu. Vijana darasani wamenunua mpya, zinang'aa kama paji la mchungaji. Zangu ni zile nilizovaa Ipyana nikiwa afisa mifugo wa kata, zimenifuata huku na viraka vyake. Nazo zinanijua.

Nashukuru kwa Nancy. Huyu ni binti wa miaka ishirini na mbili anayekaa mbele yangu. Darasa zima wananiita Babu, na sikatai, maana kuna mwalimu mmoja nimemzidi miaka sita. Nancy anapenda kuniambia, "Babu, hii siyo ngumu, ni ndefu tu." Hunieleza somo kwa kutumia karanga, kisha anazila, nami nabaki bila somo na bila karanga.

Nashukuru pia, ingawa kwa kununa, kwa sindano. Hapa mwanafunzi haruhusiwi kumgusa mbwa kabla hajachanjwa kichaa cha mbwa. Tulipangwa mstari. Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, niliyechoma ng'ombe maelfu, nilitafuta mlango. Nancy akanishika mkono. Sasa unajua aibu yangu, usimwambie Athuman wa dukani Lyulilo, maana akijua yeye imejua wilaya nzima.

Na yule ng'ombe wangu, Bibi Harusi, anaendeleaje? Nilipomwacha kwako upate maziwa, alikuwa bado anatembea taratibu kama anasindikizwa kanisani. Mpe salamu.

Simu yako najua iko juu ya kabati ikisubiri mtandao upande mlima, ndiyo maana naandika. Barua mpe Athuman siku ya soko kama kawaida, na mimi nitaipata siku Mungu akipenda na kondakta akikumbuka.

Ndugu yako,
Oscar


Ng'ambo ya Lyulilo, 29 Machi 2025

Kaka Oscar,

Mugonile. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya dagaa, maana Athuman aliiweka mahali asipopasahau. Sisi tu wazima. Mvua haina huruma mwaka huu, vyungu vinakataa kukauka, na nimechoma tanuru moja tu tangu mwezi uanze. Mwandiko uniwie radhi, nilijikata kidole cha shahada kwa mundu nikikata majani ya ng'ombe, na kalamu naishika kama mtoto wa chekechea.

Shukrani yangu: nashukuru sikuwa darasani nikuone ukitafuta mlango.

Habari ya Bibi Harusi si nzuri, kaka. Amekufa. Nisikufiche, na usiniwazie kwamba sikumtunza. Ilianza siku anaacha majani. Kesho yake udenda unamtoka kama povu la sabuni, anajaribu kumeza hawezi. Tukasema amekabwa. Wiki ile watoto walikuwa wamemtupia mihogo mibichi. Unajua kwetu ng'ombe akikabwa ni mwenye kumkamua ndiye huingiza mkono, maana ng'ombe anamzoea na mkono wa mwanamke ni mwembamba. Anyitike akamshika pembe na taya, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Sikukuta muhogo. Anyitike akasema labda mimi sifiki, akaingiza wake. Naye hakukuta kitu.

Baada ya hapo akaanza kulia. Kaka, sijawahi kusikia ng'ombe analia vile. Sauti imekauka, anabwata tu usiku na mchana, macho yamemtoka, akamkimbiza hata ndama wa jirani. Akaanguka miguu ya nyuma, akafa. Watu walisema amerogwa, hakuna aliyetaka hata kipande, tukamfukia chini ya migomba. Nimemlilia kidogo, nisiseme uongo.

Mbwa mmoja mgeni alipita huku mwezi wa kwanza, akauma mbuzi wawili na kutuharibia usingizi, sasa ng'ombe. Huu mwaka umeanza na mguu wake mbaya.

Mpunga lakini umesimama vizuri. Tuombe.

Mdogo wako,
Keziya


Morogoro, 6 Aprili 2025

Keziya,

Leo sina utani. Soma barua hii hadi mwisho, umsomee na Anyitike, kisha muiweke chini muondoke.

Bibi Harusi hakukabwa. Ng'ombe asiyeweza kumeza, anayetoa udenda, anayelia hadi sauti ikauke, anayekimbiza wenzake, kisha anaishiwa nguvu nyuma, baada ya mbwa mgeni kupita: huyo alikuwa na kichaa cha mbwa. Ng'ombe hukipata vilevile. Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, na nimetoka kwenye foleni.

Ugonjwa huu unakaa kwenye mate. Unaingia kwa mtu kupitia jeraha, hata mkwaruzo. Ukishaingia unaweza kunyamaza wiki, unaweza kunyamaza miezi, mtu analima na kuimba kwaya. Siku ukianza kuonekana, hakuna dawa. Hakuna Mbeya, hakuna Dar, hakuna ng'ambo. Lakini kabla haujaanza, chanjo inauzuia, hata kama mmechelewa. Kwa hiyo hamjachelewa. Nimeandika hivyo kwa herufi za kawaida ili usidhani napiga kelele, lakini napiga kelele.

Anyitike ana vidole vilivyochanwa na nyavu. Wewe umeniandikia mwenyewe, katika aya ya kwanza, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa, kwamba una kidole kilichokatwa na mundu. Ni kidole hicho kilichoingia? Nijibu hilo.

Nimempigia Athuman mara nyingi nikachoka kuhesabu. Jirani yake wa dukani anasema amevuka mpaka, yuko Karonga kwa ndugu zake, laini ya huku haishiki. Barua hii nampa kondakta mkononi na namwambia ni ya mgonjwa.

Nendeni zahanati wote wawili. Wote wawili, Keziya. Waambieni mlichofanya bila kupunguza.

Shukrani ya leo ni kwamba ulinieleza habari ya ng'ombe kwa kirefu. Ungesema tu "amekufa", nisingejua.

Oscar


Ng'ambo ya Lyulilo, 19 Aprili 2025

Kaka Oscar,

Mugonile. Kesho ni Pasaka na kwaya yetu inaimba nyimbo mbili, ya pili sauti ya tatu hawaijui kabisa, lakini watu wa huku ni wapole, watasema amina. Mama mkwe anakusalimu. Anauliza lini utamaliza kusoma, kwa sababu hajawahi kusikia mtu anasoma ng'ombe miaka mitano wakati ng'ombe mwenyewe huishi kumi tu.

Mpunga umetoa masuke. Ndege nao wamesikia habari, wanakuja kwa makundi. Nashinda shambani nikigonga makopo. Ukisikia kelele huko Morogoro ujue ni mimi.

Barua yako ilitufikia Jumamosi ya soko. Tulikwenda. Anyitike amechomwa sindano, na siku ya kurudia alirudi akachomwa tena, na alilalamika zaidi yako, kwa hiyo heshima yako imepona kidogo. Nesi ni mpole sana. Nashukuru kwa ajili yake, nakuomba umkumbuke katika sala.

Kidole changu kimepona.

Mtihani wako wa vitendo ni lini? Ulisema ni mwezi wa tano ila hukusema tarehe. Nataka niombee siku yenyewe, siyo kuombea mwezi mzima kama mtu anayenyunyiza maji barabarani.

Usijisumbue na sisi. Soma.

Mdogo wako,
Keziya


Morogoro, 27 Aprili 2025

Mama Beatrice,

Unaona nimekuita kwa jina la mwanao, kama wanavyokuita watu wa mbali wanaokuheshimu. Ndivyo nilivyokasirika.

Barua yako ni nzuri sana. Ina Pasaka, ina kwaya, ina mama mkwe, ina ndege. Ina nesi mpole. Ina Anyitike, aliyechomwa akachomwa tena, Mungu ambariki. Nimeisoma kwa kidole mstari kwa mstari kama mtoto, nikitafuta maneno mawili tu: "nami nimechomwa." Hayamo. Nimetazama hadi nyuma ya karatasi.

Nilikuuliza kama ndicho kidole kilichoingia. Umenijibu kwamba kimepona. Sikuuliza kama kimepona! Mimi ndiye niliyekulea ulipokuwa unaficha viazi vitamu chini ya gauni, ukiulizwa "umechukua viazi?" unasema "mbona leo kuna joto." Nakujua.

Nancy ameniona nikiwa nimekaa na barua, akaniuliza, "Babu, kuna msiba?" Nikamwambia, "Bado." Nilipojisikia nimesema neno hilo nilitoka nje nikazunguka banda la nguruwe. Nguruwe hawana habari na mtu, na kwa hilo nawashukuru, wanakula tu.

Usiku nikilala nahesabu ni wiki ngapi tangu ulipoingiza mkono, kisha nakumbuka kwamba hesabu hiyo haina maana, ugonjwa haufuati kalenda, naanza upya.

Hatimaye nimempata Athuman. Amerudi. Nimemweleza yote, hata habari ya mimi kutafuta mlango siku ya chanjo, ili ajue kwamba sina tena siri na nimeishiwa na aibu. Akasema, "Kaka Oscar, hilo niachie mimi na mama watoto." Sijui wamekusudia nini. Mkewe Siti namwogopa tangu siku ile ya mizani dukani kwao.

Tarehe ya mtihani haikuhusu.

Kakako,
Oscar


Ng'ambo ya Lyulilo, 10 Mei 2025

Kaka Oscar,

Mugonile. Athuman najua amekwisha kukupigia kujisifu, kwa hiyo habari kubwa unayo: nimechomwa. Lakini yeye husimulia kama mtu anayeuza kanga, anakufungulia upande mmoja tu. Acha nikupe upande wangu.

Tulipokwenda mara ya kwanza, dawa iliyokuwepo kwenye friji ilikuwa ya mtu mmoja. Nesi akasema nyingine itaagizwa, akauliza nani kati yetu alikuwa na jeraha siku ile. Anyitike akanyoosha mikono yake. Unaijua ile mikono, kama ramani. Mimi nikaweka kidole nyuma nikasema, "Mimi sina kitu." Ndicho kidole kilichoingia, kaka. Sasa nimekujibu.

Nesi aliniambia nirudi wiki inayofuata. Sikurudi. Wiki hiyo ndege waliteremka kwenye mpunga, na wiki iliyofuata nikajiambia kwamba kama ningekuwa naumwa ningekuwa nimekwisha umwa. Na sikukuandikia kwa sababu ungekuja. Mara ya kwanza uliacha chuo kwa ajili ya Mama ukasema utarudi baada ya mwezi, ukakaa miaka kumi na mbili. Kila nikikuona Ipyana na lile begi lako la chanjo nilikuwa nageuza uso. Sikutaka safari hii iwe kwa ajili yangu.

Basi Jumamosi iliyopita nimefika Lyulilo na mtumbwi, nina vyungu vyangu kumi na viwili, nimevipanga vizuri. Siti akaja na mkoba wake begani.

"Mama Beatrice, twende Kyela."

Nikamwambia, "Dada Siti, niuze kwanza, jioni tutaongea."

"Vyungu vyote nimenunua."

"Vyote vya nini? Wewe unapikia sufuria!"

"Nitapandia maua. Au nitavivunja kimojakimoja hapa mbele ya wateja wako mpaka upande pikipiki. Chagua."

Akanyanyua kimoja, kile kikubwa chenye nakshi shingoni. Kaka, akakiinua juu ya kichwa. Watu wa soko lote wakageuka, mzee mmoja wa samaki akasema, "Panda, mama, huyu atavunja kweli." Nikapanda. Athuman alikuwa ameshawasha.

Mjini wakanipokea vizuri, nikamweleza daktari bila kupunguza kama ulivyotaka. Akaniuliza kwa nini nilikawia. Nikasema ndege. Hakucheka. Nimechomwa siku hiyo na nimekwenda tena katikati ya wiki, na zilizobaki nitakwenda, nakuapia kwa jina la Mama.

Nashukuru kwa Siti. Vyungu amevirudisha vyote, hana hata ua moja la kupanda.

Jingine dogo, nakuandikia kwa sababu umesema nisipunguze. Kidole tangu juzi kinawasha, na ncha yake ina ganzi. Nadhani ni majani ya mpunga. Usijisumbue.

Mdogo wako,
Keziya


Ng'ambo ya Lyulilo, 31 Mei 2025

Kaka Oscar,

Mugonile, na pole na safari ya kurudi. Natumaini suruali imekauka.

Umeondoka hapa juzi, na tangu umeondoka Anyitike anakuigiza kila jioni, mama mkwe amecheka mpaka akaomba maji. Nakuandikia ulivyoonekana kwa macho yetu, kwa sababu najua wewe utawasimulia wenzako hadithi nyingine.

Mimi niko shambani nagonga makopo. Naona mtumbwi unakuja siku ambayo siyo ya soko. Ndani yake mtu amekaa katikati ameshika kingo zote mbili kama anazuia mtumbwi usiruke. Nikamwambia Anyitike, "Yule ni mgonjwa au ni kaka yangu." Ukaruka kabla hamjafika, maji yakakufika kiunoni, ukaja mbio na begi kichwani. Moyo wangu ulipasuka. Nilidhani umeleta habari ya kifo. Nikaanza kuwahesabu ndugu zetu ni nani amekufa.

Hukusalimia. Ukasema, "Keziya, maji yako wapi?"

Nikasema, "Kaka, kuna nini?"

"Maji!"

Nikakuonyesha chungu pale kivulini. Ukachota kikombe, ukanipa mimi.

"Kunywa."

"Mwenye kiu ni wewe, umetoka safari."

"Mdogo wangu, kunywa."

Nikanywa. Ulikuwa unanitazama kooni kama mtu anayetazama penalti ya mwisho. Nikamaliza. Ukachota tena.

"Tena."

"Kaka, wewe umekunywa nini huko njiani?"

"Tena, Keziya, nakuomba."

Nikanywa cha pili. Anyitike akasema, "Shemeji, huko Morogoro siku hizi ndivyo mnavyosalimia?" Nawe ukakaa chini, hapohapo kwenye tope, ukafunika uso kwa mikono. Mabega yanakwenda juu na chini. Nilidhani unacheka. Nikaanza kucheka nawe. Kisha nikaona hukuwa unacheka.

Hukutuambia sababu. Ulisema tu jua kali, umechoka na basi. Ukaniambia nikupe kidole, ukakigeuza kwenye mwanga, ukatoa kibano chako, ukanibana mkono chini ya kwapa lako kama mbuzi anayekatwa kwato. Nilipiga kelele ndege wote wakaruka, kazi ya makopo siku nzima. Kikatoka kigae, kipande cha chungu kama punje ya mchele, kilichoingia kwenye kovu la mundu kikajificha. Kuwasha kumekwisha siku hiyohiyo. Ukakitazama kile kigae kiganjani mwako muda mrefu kuliko ulivyonitazama mimi tangu nizaliwe.

Jana nilikwenda kwa sindano nikamuuliza Siti. Nikamwambia, "Kaka yangu alininywesha maji kama ndama." Siti akaacha kupima chumvi. Akasema, "Hujui? Mwenye ugonjwa ule maji humshinda. Akiletewa kikombe koo linafunga, anakiogopa. Madaktari hutazama hilo." Nikakaa kwenye gunia la chumvi. Kwa hiyo ulipanda basi Morogoro, ukalala kwenye kiti usiku, ukashuka Mbeya, ukafika Kyela, ukapanda mtumbwi unaouogopa, njia nzima unakiwaza kile kikombe. Na ulipofika ukasema ni jua.

Siti ameniambia na jingine, maana Athuman alilipata kwa yule binti wako Nancy aliyepiga simu akikutafuta. Mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatatu ile. Wewe Jumatatu ile ulikuwa huku unanisaidia kufukuza ndege, unasema chuo kimewapa mapumziko.

Kaka, mimi nilificha kidole ili usikose mtihani, na umeukosa. Nimekaa na jambo hilo tangu jana. Niambie umeharibu nini. Safari hii usinipe nguruwe wala Nancy na karanga zake. Niambie.

Imebaki sindano moja. Mpunga tutaanza kuvuna wiki ijayo.

Keziya


Morogoro, 15 Juni 2025

Mdogo wangu Keziya,

Ugonile. Suruali imekauka, imepungua kimo, sasa naonekana kama mvulana wa shule ya msingi aliyezeeka ghafla. Nancy amefurahi sana.

Athuman amenipigia kwamba sindano ya mwisho umechomwa. Nilikuwa nimesimama kwenye jua mbele ya maktaba, nikaendelea kusimama baada ya kukata simu. Daktari wa mjini ni kweli alivyokuambia, mmefanya linalofanyika, lililobaki ni kuishi. Mimi nitaendelea kuogopa kidogo kidogo hadi mwaka uishe. Usinikataze. Ukiniandikia barua uniambie umekunywa nini na umekula nini, nitasoma hilo kwanza ndipo nisome habari nyingine.

Umeniambia nikueleze nimeharibu nini, basi nakueleza.

Nilirudi Ijumaa nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Njiani nilitunga hotuba. Ilikuwa na Mama ndani yake, ilikuwa na miaka kumi na mbili, ilikuwa na umri wangu na jinsi nilivyo mfano kwa vijana. Nilivaa koti jeupe ili nionekane bado ni mwanafunzi. Nikagonga mlango wa idara. Ndani walikuwa walimu watatu, yule mwenye mtihani akiwa mezani na karatasi za wenzangu, akisahihisha. Hakuinua kichwa. Wanasema ndiye mkali kuliko wote, nami nakubaliana nao, na ndiye yule niliyemzidi miaka sita.

Akasema, "Mzee Oscar. Ulikosa mtihani wangu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nancy alisema una dada aliyeingiza mkono kwenye ng'ombe wa kichaa, na kidole kimeanza kufa ganzi."

"Ndiyo, Mwalimu."

Kalamu bado inakwenda. "Sasa anaendeleaje?"

Hotuba yote ikanitoka. Mama akatoka, miaka ikatoka. Nikasema lile neno lililokuwa mdomoni tangu nimekaa kwenye tope lako.

"Anakunywa maji."

Keziya, ningemwambia hivyo mtu mwingine yeyote, hata mchungaji, angedhani nimechanganyikiwa. Mtu anaulizwa habari za dada yake, anasema anakunywa maji! Lakini kalamu ilisimama. Mwalimu wa dirishani aliyekuwa anakoroga chai aliacha kijiko kizunguke chenyewe. Hakuna aliyeuliza maana yake nini. Yule wa tatu, Mwislamu mmoja mpole anayetufundisha magonjwa ya kuku, akasema taratibu, "Alhamdulillahi." Na yule mkali akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi.

Kisha akanipa kiti, akaandika jina langu kwenye orodha ya watakaofanya mtihani baadaye. Na sikumbuki ni nani aliyenipa ile chai.

Oscar